Cheni ya pikipiki Malindi: oili chakavu, oili ya gia, grisi au sprei?

Kijana mmoja wa boda, jirani yangu hapa Muyeye, alisimama langoni kwangu jioni, cheni yake ikilia kama mlango wa banda la kuku.

"Shikamoo mzee. Hii niitie nini?"

Fundi wa stejini alikuwa amemwambia oili chakavu. Muuza spea akamwambia sprei. Mjomba wake wa Mambrui, mtu aliyeanza kuendesha pikipiki kijana huyu hajazaliwa, akamwambia grisi, tena isiwe haba. Mimi mwenyewe natumia oili ya gia. Watu wanne, majibu manne, na sioni aliyesema uongo.

"Marahaba. Leo umepita wapi?"

Alidhani namzungusha tu. Lakini huku kwetu swali la cheni ni swali la njia. Anayepeleka watu Casuarina na kurudi anakula upepo wa bahari kutwa. Anayevuka daraja la Sabaki akashika ya Marafa anakula vumbi jekundu. Anayezunguka Gongoni, kwenye mashamba ya chumvi, anakula vyote viwili. Na balaa ni kwamba chumvi na mchanga havitibiwi kwa dawa moja. Chumvi huzuiwa na cheni iliyolowa mafuta, isipate pa kugusa chuma. Mchanga huzuiwa na cheni kavu, usipate pa kunata. Ukimfungia mmoja mlango, umemfungulia mwenzake dirisha.

Cheni hufa ikianzia wapi

Pikipiki nyingi ndogo tunazoendesha, za injini ya cc 100 hadi 150, hutumia cheni ya namba 428. Ile 4 ya mwanzo inakwambia umbali wa pini hadi pini: nusu inchi, yaani milimita 12.7. Kila pini imepita ndani ya kibomba kidogo cha chuma, na juu ya kibomba kuna rola, ndiyo inayokaa kwenye meno ya sproketi. Watu husema cheni "imevutika", ukadhani chuma kimenyooka kama mpira. La. Pini na kibomba chake vimesuguana vikaliwa, kila kiungo kikapata ulegevu mdogo usioonekana, na ulegevu huo ukijumlishwa mara mia na kitu ndio unaokufanya ukaze cheni kila Jumamosi.

Unaweza kujipimia kwa rula ya chuma. Vuta cheni ikaze, hesabu nafasi 20 kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini. Ikiwa mpya utapata milimita 254. Ikifika 259 imeliwa asilimia 2, na hapo mimi huanza kutafuta nyingine pamoja na sproketi zake zote mbili. Kuvalisha cheni mpya juu ya meno yaliyochongoka kama ya papa ni kuitupa.

Kwa hiyo vipimo vyangu ni vitano. Mafuta yanafika ndani kwenye pini? Yakikutana na mchanga yanafanya nini? Yanaizuia vipi chumvi na mvua? Yanakuchafua na kukusumbua kiasi gani? Na mfuko unasemaje? Mafuta yote manne nitayapitisha humo humo. Jambo moja la kutenganisha mapema: cheni zenye pete za mpira kati ya pingili, zile za pikipiki kubwa, zimefungiwa grisi yake ndani tangu kiwandani. Kwa hizo kazi yako ni kulinda pete, rola na sura ya nje tu, na zisiguswe na petroli kabisa.

Kufika ndani kwenye pini

Oili ya gia hapa haina wasiwasi. Wengi huiogopa kwa sababu ya ile namba 90, wakidhani ni nzito maradufu kuliko 20W-50 ya injini. Vipimo hivyo viwili havifanani: oili ya gia ya 90 uzito wake unakaribia wa oili ya injini ya 40 au 50. Ukiitia cheni ikiwa bado ina joto la safari, ukaiacha usiku kucha, asubuhi imeshazama. Vitabu vya pikipiki vya watengenezaji kadhaa huitaja kwa namba, SAE 80 au 90, kwa kazi hii hii. Harufu yake kali ni ya dawa zenye salfa zinazotiwa humo ili chuma kivumilie mgandamizo. Mke wangu hataki kusikia habari ya chupa hiyo karibu na jikoni.

Sprei nayo hupenya vizuri ila kwa ujanja wa aina yake. Ndani ya kopo imezimuliwa na kimiminika chepesi kinachoingia kila ufa, kisha kikapotea hewani na kuacha mafuta mazito au nta nyuma. Maana yake lazima usubiri. Anayepuliza na kuwasha hapo hapo ameipulizia ukuta na matope ya nyuma.

Oili chakavu inapenya vile vile, sikatai. Tatizo ni mzigo unaoingia nayo: masizi, asidi za moto wa injini, na unga laini wa chuma. Umeitoa kwenye injini kwa sababu imechoka kuvibeba hivyo, halafu unaipeleka kwenye pini.

Grisi ndiyo inayoshindwa. Ni mafuta yaliyoshikwa na sabuni nzito, na upenyo wa kwenye pini ni mwembamba mno. Inabaki juu, inang'aa, macho yanaridhika, na ndani kukavu. Wazee walilijua hilo. Walikuwa wakiivua cheni, wakaiosha kwa mafuta ya taa, wakaikausha, kisha wakayeyusha grisi polepole kwenye bati na kuizamisha cheni humo mpaka viputo vikome kutoka. Ikipoa, grisi imeganda ndani ya kila kibomba. Mjomba wa Mambrui aliposema grisi huenda alikuwa na maana hiyo, na mpwa akasikia ya kupaka kwa kidole. Ni kazi nzuri kwa cheni isiyo na pete za mpira, lakini ni moto na mafuta, kwa hiyo ifanywe uwanjani mbali na makuti, na bati likae juu ya sufuria ya maji, lisiguse moto wenyewe.

Mchanga

Hapa ndipo nilipojifunza kwa gharama. Mwaka wangu wa kwanza na pikipiki nilikuwa mtu wa grisi. Niliipaka cheni ikawa kama imevaa koti, nikaenda Marafa kuwaonyesha wageni wa nyumbani lile bonde la Nyari. Kwenda, raha tupu. Kurudi, koti limekuwa jekundu. Kufika darajani Sabaki nilisikia mlio kama mtu anatafuna karanga, na nilipoigusa, kilichokuwa kidoleni hakikuwa grisi tena, kilikuwa msasa. Mchanga uliochanganyika na grisi ni kama ile dawa ambayo mafundi hutumia kusagia valvu. Niliosha cheni ile mara tatu, na haikumaliza kusi ile.

Grisi ya kupaka nje, basi, katika njia za Magarini ni mwaliko. Isipokuwa kitu kimoja: pikipiki ambayo cheni yake imefunikwa mzima kwa boksi la bati. Huko mchanga hauingii kirahisi, na grisi iliyofika humo inakaa mahali pake. Usiivue boksi hiyo kwa ajili ya urembo, kama vijana wanavyofanya.

Oili ya gia inanata mchanga pia, kwa sababu ni majimaji. Tofauti ni kwamba inafutika. Ukiitia jioni, ukasubiri, kisha asubuhi ukapitisha tambaa kavu mpaka sahani za nje zikaonekana kavu, iliyobaki ni ile ya ndani inayofanya kazi. Wasiofuta ndio wanaoilaumu. Oili chakavu ingeweza kufutwa hivyo hivyo, lakini kwa kuwa ni ya bure watu huimwaga, na cheni iliyomwagiwa hupeleka mchanga hadi kwenye sproketi ya mbele, ukajaa chini ya kifuniko na kuganda kama udongo wa mchwa. Fungua kifuniko hicho mara moja kwa mwezi uone mwenyewe.

Kwa sprei, soma kopo kwanza, maana kuna mbili. Ile ya kunata hushika mchanga karibu sawa na grisi nyepesi. Ile ya nta hukauka ikaacha ngozi kavu, na kwa mchanga wa vichochoro vya Kakuyuni au wa pwani ya Ngomeni sijaona ya kuishinda.

Chumvi na mvua

Sasa geuza ubao. Ile nta kavu iliyoshinda mchangani ndiyo ya kwanza kukimbia ikikutana na mvua ya masika. Ikitoka, chuma kinabaki uchi, na hewa yetu ina chumvi. Chumvi hukaa juu ya chuma na kunyonya unyevu wa usiku, kwa hiyo cheni hulowa hata kama haikunyesha. Anayeegesha Shella au Silversands, hatua chache kutoka baharini, wakati wa kusi ambapo upepo unavuma kutoka baharini moja kwa moja, huona kutu ya rangi ya machungwa asubuhi juu ya cheni aliyoisafisha jana. Si uchawi.

Kwa hali hiyo sprei ya kunata ndiyo inayong'ang'ania muda mrefu zaidi, ikifuatwa na grisi kwa upande wa nje. Oili ya gia inalinda vyema lakini haikai: baada ya mvua kubwa itie tena siku ile ile, usingoje kilomita. Oili chakavu inazuia kutu ya juu juu kwa siku chache, ila tukumbuke ina asidi ndani. Kuipaka ili kuzuia kutu ni kumwajiri mwizi awe mlinzi, ingawa kwa cheni ya zamani inayosubiri kubadilishwa sioni ubaya mkubwa.

Kuna kosa moja linalowapata hata walio makini. Unarudi kutoka Gongoni, unaona vema uoshe chumvi, unachota maji ya kisima. Visima vingi vya karibu na bahari hapa ni vya maji ya chumvi! Umeitoa chumvi ya shambani ukaweka ya kisimani. Suuza kwa maji ya mfereji, yale ya Baricho, hata kama ni ndoo nusu, halafu zungusha gurudumu, futa, na utie mafuta kabla maji hayajajificha. Pampu ya kuoshea magari isielekezwe kwenye cheni kwa karibu, kwani nguvu yake huyasukuma maji ndani, hata kupita zile pete za mpira.

Na lile kopo la WD-40 lililo katika kila karakana? Limetengenezwa kufukuza maji, ndiyo maana ya herufi zake. Lipulize kukausha cheni iliyolowa, sawa. Lakini ni jepesi mno kubaki kama mafuta ya safari, kwa hiyo nyuma yake tia mafuta yenyewe.

Uchafu, kazi na mikono

Muulize abiria wa Ijumaa. Kanzu nyeupe, safari ya dakika tano hadi msikitini, na mgongoni mstari wa madoa meusi kama nukta za kitabu. Hiyo ni oili chakavu iliyotiwa asubuhi ile ile bila kufutwa. Oili ya gia nayo hurusha ukizidisha, ila doa lake ni jepesi. Sprei ya nta hairushi kitu ikishakauka. Grisi hairushi matone, hurusha mabonge, na yakitua kwenye tairi upande wa kona utajua.

Kwa mikono yako mwenyewe, oili chakavu ndiyo mbaya kuliko zote. Makopo ya oili ya injini huandikwa onyo la kutogusa oili iliyotumika mara kwa mara, kwa ajili ya ngozi na saratani. Vaa glavu, au hata mifuko ya mkate. Wala usiimwage uani. Malindi imekaa juu ya jiwe la matumbawe lenye matundu, na kinachomwagika juu hushuka kuelekea kisima kile kile cha jirani.

Kwa muda wa kazi, sprei ni dakika tano na kusubiri. Oili ya gia ni robo saa ya jioni na tambaa la asubuhi. Grisi ya kuzamisha ni nusu siku. Vyovyote utakavyochagua, osha kwanza kwa mafuta ya taa na brashi, weka giaboksi huru, na uzungushe gurudumu kwa mkono. Usiwashe injini na kutia gia pikipiki ikiwa juu ya stendi ili "ijipake yenyewe" huku umeshika tambaa. Sproketi haijui tambaa na kidole. Mafuta yalenge upande wa ndani wa mstari wa chini wa cheni, kwa kuwa ikizunguka huyatupa nje kupitia rola.

Mfuko

Oili chakavu ni bure, sproketi si bure. Sprei ndiyo ghali kwa kila tone, na kwa anayeendesha kila siku kopo haliishi muda. Grisi ni rahisi na hupatikana hata kwa muuza misumari. Oili ya gia hununuliwa kwa lita, na ukitia tone moja kila rola huzidi kidogo kijiko cha chai kwa cheni nzima, basi lita moja itakupeleka zaidi ya mara 100. Vitabu vingi hutaja kutia mafuta kila kilomita 500 hadi 1,000. Mtu wa boda anayezunguka kilomita 100 kwa siku hufika 500 siku ya tano, kwa hiyo hesabu yake si ya mwezi, ni ya Ijumaa hadi Ijumaa, na wakati wa mvua ni fupi zaidi.

Wewe ni wa njia gani?

Ukiwa wa lami, mjini hadi Gede na Watamu au safari ya kilomita 120 hivi za Mombasa, na unaegesha karibu na bahari, chumvi ndiyo adui yako wa kwanza. Sprei ya kunata au oili ya gia itiwayo mara kwa mara zitakufaa, na uamuzi uwe wa muda wako: sprei kwa asiye na jioni, oili kwa mwenye jioni na tambaa.

Ukiwa wa mchanga mkavu, Marafa, Langobaya na ndani ndani, msimu wa kaskazi, nta itakulinda. Bei ikikushinda, oili ya gia iliyofutwa mpaka ikauke nje. Masika yakianza, iache nta koponi.

Wa Gongoni na Ngomeni, mwenye chumvi na mchanga pamoja, hana dawa ya kumpumzisha. Namwona akifanikiwa kwa oili ya gia kidogo kidogo, kila siku mbili au tatu, baada ya kusuuza kwa maji ya mfereji yasiyo na chumvi. Ni kazi, lakini sijaona kopo linaloifanya kwa niaba yako.

Pikipiki yenye boksi zima la cheni: grisi nyepesi au oili ya gia, na ufungue kitundu cha kukagulia kila mwezi. Cheni ya pete za mpira: sprei iliyoandikwa kwamba inaifaa, au oili ya gia, na mafuta ya taa wakati wa kuosha.

Na ambaye cheni yake imeshapita 259, fedha hana, na mwisho wa mwezi uko mbali, atie oili chakavu iliyochujwa kwa kitambaa, avae glavu, afute sana, aangalie klipu ya kifungio kila asubuhi kama upande uliofungwa umetazama mbele cheni inakokwenda. Imfikishe tu hadi dukani.

Yule kijana alinijibu mwishowe. Asubuhi alikuwa Casuarina, mchana Kakuyuni mara mbili, na alasiri alibeba tenga la samaki kutoka Mayungu, maji ya barafu na ya bahari yakichuruzika nyuma njia nzima hadi sokoni. Tuliosha cheni kwa mafuta ya taa chini ya mwembe mpaka mafuta yakaacha kutoka mekundu, nikamtilia ya gia, nikampa tambaa la leso kuukuu alifutie asubuhi. Tuliipima pia. Ilikuwa 257.